JINA LAKO LINAKOPA WAPI?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa halmashauri za walei na wa jumuiya ndogondogo, Mwadui



Kamati ya Haki na Amani iliniomba nizungumze juu ya madeni. Bila shaka wengi wenu mlitazamia kusikia tena juu ya ile mikopo inayoitwa kausha damu, riba zake, na vyombo vya ndani vinavyobebwa mchana kweupe mbele ya watoto. Hayo tumekwisha kuyasema, na hatuna budi kuendelea kuyasema. Lakini leo naomba tutazame deni la namna nyingine. Wahenga walituachia neno kwamba dawa ya deni ni kulipa. Je, dawa ya deni ambalo mwenye jina hakulikopa ni nini?

Mwaka jana alinijia mama mmoja, mjane, mwuza mchele katika soko la Maganzo. Simtaji, naye ameniruhusu kuyasimulia haya kwa sharti hilo. Alikuwa ameomba mkopo wa shilingi 1,500,000 ili anunue mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Wadhamini alikuwa nao, barua ya serikali ya kijiji alikuwa nayo, na picha amepiga. Baada ya juma moja aliitwa, akaambiwa kwa upole kwamba ombi lake limekataliwa, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha ana madeni mawili ambayo hajayamaliza, moja la shilingi 380,000 na jingine la shilingi 115,000, yote mawili yakiwa yamechukuliwa kwa njia ya simu. Mama yule hajawahi kukopa kwa simu. Simu yake ni ile ya vitufe, na kwa maneno yake mwenyewe, anaitumia kupokea salamu na misiba.

Hakuja kwangu kuomba fedha. Alikuja kuniuliza kama mtu anaweza kukopa akiwa usingizini.

Tuliketi tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Mtakumbuka kwamba tangu tarehe 1 Mei 2019 laini zote za simu nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa, ile ndefu ya tarakimu 20. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019. Hayati Rais Magufuli, alipokwenda kusajili laini yake kule Chato mwishoni mwa mwezi huo, aliongeza siku 20, hata ikawa tarehe 20 Januari 2020. Mnakumbuka misururu ile, na vijana wenye miavuli na mashine ndogo mkononi kila penye mnada na kila penye stendi. Mama yetu alisajiliwa chini ya mwavuli mmojawapo. Kijana alimwambia: weka kidole. Akaweka. Kijana akasema: mama, kidole hakijasoma, mikono ya wakulima ni migumu, weka tena. Akaweka tena. Akaweka na mara ya tatu.

Siwezi kuapa kwamba ni hapo jina lake lilipoibwa. Lakini kidole kilichowekwa mara tatu kinaweza kusajili laini tatu, na mwenye kidole akaondoka na moja. Zile mbili huuzwa kwa mtu asiyetaka kujulikana. Mtu huyo huiweka laini katika simu yake, hujiunga na huduma ya fedha, hutuma na kupokea kidogo kidogo mpaka mtambo umwone kuwa mteja mwaminifu, kisha hukopa kiasi kikubwa kadiri anavyoruhusiwa, na laini huitupa chooni. Deni halitupwi chooni. Deni hubaki limeandikwa kwenye ile namba ya tarakimu 20, na namba ile ni ya mama wa Maganzo.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikumbuka sura ya 27 ya Kitabu cha Mwanzo. Twaisoma mara nyingi kama habari ya baraka, nasi twasahau kwamba ni habari ya mtu aliyejitambulisha kwa jina la mwenzake. Mzee Isaka alikuwa haoni. Sauti aliyoisikia ilimtia shaka, kwa kuwa ilikuwa ya Yakobo. Basi akataka kupapasa mikono. Mikono ilikuwa imefunikwa ngozi ya mwana-mbuzi, na mzee akaiamini mikono kuliko sauti. Mtambo nao hufanya hivyo hivyo: hauoni, haumjui mtu, huamini kidole. Na Esau alikuwa wapi saa ile? Alikuwa porini akihangaika na kazi yake halali. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha, na baba mwenyewe akakiri kwamba hawezi kuyarudisha nyuma. Kilio cha Esau nilikisikia tena barazani kwangu, kutoka kwa mwuza mchele.

Sasa nije kwenye jambo litakalotugusa sisi tulioketi hapa, maana si kila jina huibwa. Mengine tunayatoa wenyewe. Hapa kwetu vijana huhama kila siku. Leo yuko Maganzo, kesho Mwakitolyo, mwezi ujao Nyarugusu au Geita, akifuata duara linalosemekana limetoa. Kijana wa namna hiyo aghalabu hana namba ya kitambulisho, au aliiandikisha kwao na hakurudi kuifuata. Anahitaji laini. Anamwendea shemeji, mjomba, au mwenyekiti wa jumuiya, anamwomba amsajilie. Nani atakataa? Ni kidole tu.

Mimi sikukataa. Baada ya mama yule kuondoka nilichukua simu yangu nikapiga *106#, nikafuata maelekezo ya kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nilitazamia kuona mbili. Zilikuwa tatu. Nilikaa kitambo nikiitazama ile ya tatu kama mtu aliyekuta kiatu kigeni mlangoni mwake, mpaka nilipokumbuka kwamba miaka michache nyuma nilimsajilia laini mlinzi wetu, kijana mwema, ambaye baadaye aliaga akaenda machimboni. Sijui laini ile iko mkononi mwa nani sasa. Ningalijua leo kwamba padre wenu amekopa huko Nyarugusu kama ningaliitwa na polisi. Nilikwenda na kitambulisho changu kwenye duka la kampuni ya simu nikaomba iondolewe, ikaondolewa. Nawaambia haya ili asitokee mtu wa kudhani kwamba mambo haya huwapata wasiosoma tu.

Na hapa niseme neno la pembeni. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 na 1990 tunajua desturi iliyokuwapo ya kurudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine aliyeacha shule. Wazazi walifanya hivyo kwa nia ya kumtafutia mtoto nafasi ya sekondari, na wapo watu wazima leo ambao jina la cheti si jina la ubatizo. Wanapokuja kuandikisha ndoa nayaona majina mawili, nao huinamisha kichwa. Mwenye jina la asili naye yupo mahali, analima, hajui kwamba jina lake lilifaulu mtihani likaenda mbali. Hatukuyaita wizi. Tuliyaita kusaidiana. Labda ndiyo sababu tunashindwa kushtuka jambo hilo hilo linapokuja likiwa limevaa nguo za kisasa.

Turudi kwenye deni. Wengi hawajui kwamba nchi yetu ina daftari la wakopaji. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 iliweka msingi wake, na Kanuni za mwaka 2012 zikaweka utaratibu. Benki hutakiwa kupeleka habari za kila mkopo kwenye kanzidata ya Benki Kuu: nani amekopa, kiasi gani, analipa au halipi. Kutoka hapo habari hizo hutumiwa na kampuni zenye leseni za kuchakata taarifa za wakopaji; za kwanza kupewa leseni hiyo ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Unapoomba mkopo, afisa huuliza huko juu yako kabla hajakutazama usoni. Karatasi anayoipata ndiyo inayoitwa taarifa ya mikopo. Ni kama cheti cha tabia kilichoandikwa na watu ambao hujapata kukutana nao.

Tangu mikopo ya simu ilipoingia, M-Pawa ikiwa mojawapo ya za mwanzo mwaka 2014, daftari hilo limepokea majina ya watu ambao hawajapata kukanyaga benki. Kwa upande mmoja hilo ni jambo jema, kwa kuwa mwuza mchele naye aweza kuonekana kuwa mlipaji mzuri bila kuwa na hati ya nyumba. Sipendi kusikia watu wakisema daftari hili ni mtego wa maskini. Lakini daftari linaloandika bila mwenye jina kulisoma ni hatari, na hatulisomi. Twajua kwenda kupima sukari na shinikizo la damu. Nani kati yetu amepata kuomba taarifa yake ya mikopo? Nimeuliza swali hili katika vigango vitatu kabla ya kuja hapa, na hakuna mkono ulionyoshwa.

Haki ya kuiona ipo. Mtu yeyote aweza kuiomba taarifa yake kwenye kampuni hizo, akijitambulisha kwa kitambulisho chake, na akikuta lisilo lake aweza kulipinga litazamwe upya na kusahihishwa. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa kila mtu haki ya kujua taasisi ina habari gani juu yake na kudai zirekebishwe zikiwa si sahihi. Asiposikilizwa, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupeleka malalamiko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inamhesabu kuwa mkosaji anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia mtambo.

Nasema haki ipo. Sisemi ni rahisi. Nilimsindikiza mama yule kwa miezi mitano. Kwanza ilitubidi kupiga *106# na kuipata laini asiyoijua, kisha duka la kampuni ya simu, ambako walitaka kidole chake tena, naye akasita. Kisha polisi, kutoa taarifa na kupewa namba ya RB. Kisha barua kwa taasisi iliyotoa mkopo, ikiambatana na RB na nakala ya kitambulisho, tukidai waonyeshe mkopo ule uliombwa kwa laini ipi, siku gani, na fedha zilikwenda wapi. Barua ya kwanza haikujibiwa. Nauli ilikuwa yake, na kila siku ya safari ni siku ambayo meza ya mchele imefungwa. Kampuni za taarifa za wakopaji ziko Dar es Salaam. Za simu zina maduka mjini. Na aliyeibiwa jina yuko Maganzo. Aliyekosea hasafiri. Anayesafiri ni aliyekosewa. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la Tume ya Haki na Amani na si la semina ya ujasiriamali tu. Aliyekopesha bila kuhakikisha anamkopesha nani ndiye anayepaswa kubeba gharama ya kutafuta ukweli, na nadhani yatupasa kulisema hilo wazi kila tunapokutana na wakubwa wa taasisi hizo.

Kuna njia moja iliyotusaidia, nayo mwikumbuke. Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinataka malalamiko yapelekwe kwanza kwenye taasisi yenyewe, na yasiposhughulikiwa yapelekwe Benki Kuu. Benki Kuu ina tawi Mwanza. Barua ya pili tulieleza kwamba nakala inaandaliwa kwa ajili ya Mwanza, nayo ilijibiwa. Kwa hiyo, ndugu viongozi, msiwaache watu walalamike kwa mdomo dirishani. Andikeni, wekeni tarehe, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Msidhani ni simu tu. Mnajua ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha, pamoja na kasoro nyingine, kwamba kulikuwa na vikundi hewa; mwaka uliofuata ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa hakiandikwi kwa majina ya malaika. Jirani zetu wa Kenya nao, mwezi Juni 2021, walipofunguliwa njia ya kuhakiki, wengi walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakupata kujiunga navyo. Waliojua ni waliotazama.

Na zile programu za mikopo katika simu za kisasa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo huchukua majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa huwaandikia watu wake, wakidai kwamba wao ni wadhamini. Wapo waamini wetu waliotukanwa kwa ujumbe kwa ajili ya deni la mtu waliyesoma naye zamani. Ukipata ujumbe wa namna hiyo usilipe ili kununua amani. Hukutia sahihi mahali popote. Ujumbe wa kitapeli, ukiwamo ule wa kutuma fedha kwenye namba nyingine, huripotiwa kwa kutuma namba ya tapeli kwenda 15040.

Nilitaka kuishia hapo, lakini dhamiri hainiruhusu kuwanyoshea wengine kidole bila kutazama nyumbani mwetu. Miezi michache iliyopita nilinunua karanga njiani. Zilikuwa zimefungwa katika karatasi nyeupe, na nilipoikunjua niliona ni fomu ya mtu aliyeomba kujiunga na kikundi cha kuweka na kukopa: jina, namba ya kitambulisho kamili, namba ya simu, jina la mama yake, sahihi. Kila kitu anachohitaji mwizi, na karanga juu yake. Sikuuliza ni kikundi gani. Niliporudi nilifungua kabati la ofisi ya parokia, nikakuta mafaili ya ndoa, nakala za vitambulisho vya wadhamini, orodha za michango zenye namba za simu, na boksi moja la makaratasi ya zamani ambalo katibu alikuwa amepanga kulitoa. Tumeliteketeza wenyewe. Sheria ile ya mwaka 2022 haikusema parokia hazihusiki. Kila anayekusanya habari za watu anabanwa nayo.

Kwa hiyo naomba kila VICOBA iliyo chini ya jumuiya zetu ipitie daftari lake kabla ya Kwaresima. Nakala ya kitambulisho isipokelewe pasipo sababu, na inapopokelewa iandikwe juu yake kwa kalamu, katikati, kazi yake na tarehe: kwa ajili ya mkopo wa kikundi fulani tu. Daftari lisilale nyumbani kwa mtu ambaye mlango wake hauna kufuli. Na mtu akiwajia kuwaomba mumsajilie laini, mpelekeni ofisi ya vitambulisho ya wilaya, hata kwa kumchangia nauli. Itakuwa sadaka nzuri kuliko kidole chenu.

Tukitoka hapa, vijana wawili wa VIWAWA wataketi chini ya mwembe ule karibu na sakristia kuwasaidia wazee kupiga *106#. Kila mmoja aje na simu yake mwenyewe. Namba ya kitambulisho aiandike mwenye nayo kwa mkono wake, au asomewe na mtoto wake, wala isitamkwe kwa sauti mbele ya foleni. Namba ya siri ya fedha haihitajiki kabisa. Atakayewaomba, hata akiwa mmoja wa vijana hao, mniite. Wenye laini za mitandao miwili warudie kwa kila mmoja. Watakaokuta namba wasizozijua waniletee majina yao ofisini siku ya Jumanne, tutapanga safari moja ya pamoja kwenda mjini ili nauli iwe nafuu.

Mama wa Maganzo madeni yake mawili yaliondolewa mwezi wa tano tangu tuanze. Wakati huo bei ya mpunga ilikuwa imekwisha kupanda. Ameomba mkopo upya, wa shilingi 900,000, na jibu lake bado hatujalipata.